Mvua Iliyomshika Nafula

Nikiwa mtoto kule Namboboto, mdogo wangu Nafula alikatazwa mvua. Alizaliwa wakati wa mvua, ndiyo maana akapewa jina hilo, na bado hakuna mtu nyumbani aliyeogopa wingu kama yeye. Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa ameshasema kwamba kuna kitu mtoni kinachopanda na baridi, na mtoto huyu kimempenda.

"Mvua ikimpiga, kitamshika mifupa," alisema.

Macho ya Nafula yalikuwa na umanjano, na tangu akiwa ananyonya, vidole vyake vilikuwa vikivimba. Kaka yetu mmoja alikuwa amekufa na dalili hizo hizo. Nani angembishia Kukhu?

Alasiri moja mvua ya mawe ilitukuta tukitoka shule. Nilimfunika kwa sweta yangu, tukakimbia, lakini tulifika tumelowa chepechepe. Kabla ya chakula cha jioni alianza kulia miguu, halafu mgongo, halafu kifua. Kukhu hakumgombeza mtu. Alimwita mganga, naye akamchanja chale magotini ili hicho kitu kipate njia ya kutoka. Mama alimshika kichwa.

"Mama, kiambie kiniachie."

"Kitakuachia, mwanangu."

Baba alipoamua apelekwe Busia kwa bodaboda, siku hizo zikiwa bado baiskeli, Nafula alikuwa akihema kwa shida. Mama alipanda akiwa amemkumbatia. Walirudi kabla ya kufika hospitali; alikata roho njiani.

Leo mimi ni muuguzi wa watoto hapa Busia. Nafula alikuwa na selimundu. Chembe zake za damu zilikuwa zikijikunja kama mundu. Baridi ikibana mishipa, zinakwama humo, na mahali damu isipofika ndipo panapouma. Kwa kuwa tunajua hivyo, mtoto akiletwa analia kilio kile tunampa joto, maji ya mshipani, oksijeni ikihitajika, na dawa kali ya maumivu bila kungoja. Akitulia, anaanzishiwa dawa ya kumeza kila siku, inayopunguza kule kujikunja. Wengi hurudi nyumbani. Si wote.

Juzi mama mmoja wa Malaba, aliyemleta mwanawe amemfunga blanketi mbili, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, si haya ni mambo ya mto?"

"Nani alikuambia umkinge na baridi?"

"Mama mkwe."

"Hapo alisema kweli. Lakini akilia tena, mlete siku hiyo hiyo."

Kukhu aliona sawasawa. Alichokosa ni kujua ugonjwa unapita wapi mwilini. Alikufa akiamini mto ndio uliomchukua mjukuu wake, nami sikumweleza vingine. Mto unaweza kuulaumu, ukalala. Damu ile Nafula aliirithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Wote wawili wako hai, wanajua kazi ninayofanya, na hawajawahi kuniuliza.