Baiskeli Isiyopiga Kelele

Binti yangu Wakonyo ana jina la mama mkwe wangu, kama ilivyo desturi ya kwetu kwa msichana wa kwanza wa nyumba. Na hakufuatwa na mwingine, akawa ndiye wa pekee. Hapa kijijini Wamagana jina hilo lina uzito. Bibi huyo alisomesha watoto wake kwa kahawa ya shamba dogo. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mwalimu mkuu, nami nilifundisha hadi nilipostaafu. Kwa hiyo Wakonyo alipomaliza diploma ya utalii na kurudi nyumbani juu ya baiskeli, watu walikuwa na la kusema.

Kazi yake ni kuongoza wageni kwenye vijia vya msitu wa Nyandarua: mizizi, mawe, tope jekundu, miteremko ambayo hata mbuzi huisitia. Alianza na baiskeli ya kawaida iliyochomoka mnyororo kila alipopita topeni. Kisha Yonis, kijana Msomali wa Nanyuki anayekodisha baiskeli na ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa mifugo, akamletea nyingine. Gia zake zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma pale penye pedali, tope haliingii, na badala ya mnyororo ina mkanda wa mpira. Alipanda nayo kilima cha nyuma ya nyumba tena na tena, akijifunza kulegeza mguu kabla ya kubadilisha gia, kwa maana ukiikanyaga kwa nguvu haikubali.

"Sikiliza, Mami," aliniambia akinipita uani.

"Nisikilize nini? Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Haipigi kelele hata kidogo."

Jumamosi moja alitoka asubuhi kwenda kukagua njia kabla ya wageni kufika. Hakurudi. Simu yake haikupatikana, na ya Yonis pia haikupatikana. Kulipokucha, bila kulala, nilikwenda kwa Kingori, mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na vijana humtii. Alikuwa akinywa chai na wanaume wawili kabla ya kwenda kanisani. Nikamwambia Wakonyo hajatoka msituni.

"Mwalimu, keti kwanza," akasema. "Msitu gani? Watu waliona pikapu ya yule Msomali hapo kwako."

"Alileta baiskeli."

"Alileta baiskeli, akabeba msichana." Wenzake wakachekea vikombeni. "Hii mambo unaijua. Msichana akienda kwa mtu, hatumfuati. Tunangoja wazee wao wakuje waseme mbuzi yetu imeingia kwa boma yao. Ukimfuata, unashusha jina."

"Na safari hii mahari itabebwa na ngamia," mmoja akaongeza.

"Kingori, mtoto yuko msituni. Kitambulisho chake kiko mezani, nguo zake zote ziko kabatini. Nani hutoroka hivyo?"

"Mapenzi haiulizi kitambulisho. Wewe mwenyewe ndiye umelinda heshima ya hii nyumba miaka yote. Sasa tutume vijana wapige kelele kwa miti, Tetu yote ijue amekimbia?"

Desturi hiyo naijua, nami nimeitetea mbele ya watu. Lakini mbuzi asiyeingia boma la mtu yeyote hana wazee wa kumletea habari. Niliwaacha na chai yao, nikateremka hadi kwenye lango la uzio wa msitu, nikaita jina lake mpaka koo likakauka. Wanawake wetu wakienda kuokota kuni huzungumza na kucheka kwa sauti makusudi, nyati wawasikie na kuondoka mapema. Hata baiskeli ya kawaida hugongagonga mnyororo ukajua inakuja. Ya Wakonyo, nyati asingeisikia.

Hapo ndipo pikapu ya Yonis iliponikuta. Aliteremka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, Wakonyo yuko wapi? Nilikuwa mnadani huko chini, hakuna mtandao. Nimempigia njia nzima."

Nilipanda garini nikamwambia anipeleke kanisani. Watu walikuwa wakitoka, Kingori akisalimiana nao mlangoni. Nilimshika Yonis mkono nikamsimamisha mbele yao wote.

"Huyu hapa mkwe wenu," nikasema. "Muulizeni mbuzi wenu yuko wapi."

Kingori alimtazama kijana, kisha akanitazama mimi. Alivua koti lake la kanisa, akampa dada yake Watiri, akaanza kuwaita vijana kwa majina.

Alama za magurudumu zilikuwa wazi topeni. Tulizifuata, vijana wakipiga madebe, mpaka kwenye kona iliyozibwa na mianzi. Upande wa pili nyayo za nyati zilikuwa zimeichimba ardhi. Baiskeli ililala imepinda katikati. Wakonyo alikuwa chini kwenye korongo, midomo ya bluu, mguu umegeukia kusikotakiwa. Yonis ndiye aliyemwona kwanza.

"Nyati alikuwa amelala njiani," Wakonyo akasema. Sauti ilikuwa imemwishia kwa kuita. "Hakunisikia, Mami. Nami sikumwona."

Nilimgusa vidole vya mguu. Nikamwuliza kama anahisi. Akaniuliza kama nimeshaanza kumgusa.

Walikata mianzi, wakafunga machela kwa makoti yao. Kingori alibeba upande wa kichwa na hakukubali kupokewa. Kanisa zima lilikuwa limejipanga kwenye lango la msitu wakati tunatoka, na Wakonyo alikuwa na ile kaptula yake ya kuendeshea, fupi, ya kubana. Watiri alinikimbilia akifungua leso kiunoni.

"Mfunike mapaja, Mwalimu. Watu wote wanaangalia."

Niliichukua ile leso, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya goti lililovunjika.

"Endeleeni," nikawaambia wabebaji. "Polepole."