Mbuzi Kumi na Mbili za Gato

Ninyi batoto benye mutasoma hii, mukae vizuri kwanza, muweke telefone chini. Mimi koko yenu, bibi yenu, nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire tu, donc mukono wangu unaandika polepole, na sitaki mutu anisahihishe. Naandika na hasira. Juma mbili zimepita, hasira haijaondoka, na siombi mutu anisaidie kuiondoa.

Mimi ni muzaliwa wa Masereka, niliolewa upande wa Beni. Kule tulilima kakao miaka mingi, mimi na marehemu bwana yangu. Tulipasua, tulianika, tuliuza kwa gunia, lakini shokola yenyewe sikuijua mu kinywa. Niliionja mara ya kwanza hapa Butembo, mu nyumba ya kupanga ya Kimemi tulimokimbilia, mu sufuria ya mujukuu wangu. Nikasema: "Ni hii ndiyo ilitupindisha mugongo?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Ule mujukuu ni binti ya mutoto wangu mwanaume, mwenye alikufa. Tunaishi batatu, mimi, yeye na mama yake. Kazi yake ni gato ya kijiti, keki ndogo ya kushika kwa kijiti. Anapika gato mu sufuria kubwa yenye muchanga chini, makala juu ya kifuniko na makala chini. Ikipoa anaivunja-vunja yote mpaka inakuwa kama unga. Siku ya kwanza nilimupigia kelele: "We mutoto, umepika muzuri, sasa unaharibu juu ya nini?" Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Anachanganya ule unga na margarini na sukari, anafinyanga matonge kama ya bugali, madogo, anachovya ncha ya kijiti mu shokola ili ishike, anachoma mu tonge, kisha anazamisha tonge lote. Bijiti ni bile bya brosheti ya nyama, anabikata katikati. Shokola anaiyeyusha mu bakuli juu ya maji ya moto, na tone moja la maji likiingia, shokola yote inagandamana kama udongo, unatupa. Kwa kukausha, anachoma bijiti mu kipande cha mugomba mubichi. Mugomba unalala juu ya meza, gato zinasimama mugongoni mwake. Hapa Butembo baridi inasaidia, shokola inashika bila frigo. Kule Beni ingetiririka mpaka kwenye kiwiko.

Kazi yake ninaiheshimu, hata kama Saint-Valentin yao, ile siku ya bapendanao, siiheshimu. Wakati ule nyumba inajaa rangi nyekundu. Roho, roho, roho, gato za sura ya moyo. Mwanaume mumoja alikuja kuagiza roho mbili, moja mu karto yake, kisanduku cha karatasi, ingine mu karto yake, na yote mbili iandikwe chérie, mupenzi. Nikamuuliza: "Papa, ni muke mumoja atakula zote mbili?" Akanijibu bila haya: "Koko, usiingie mu komande."

Sasa musikilize. Mujukuu alikuwa na muchumba. Kijana wa Beni, fundi wa mbao, mutu wa kimya, akikusalimia anatoa kofia. Jamaa yake nao balikimbia mashamba, mifugo yao ikabaki kule na yenye kubaki kule munajua inakwenda wapi. Lakini balikuja na wazee wao, bakakaa na baba mudogo wa binti, bakakubaliana mahari. Mbuzi kumi na mbili, Jumamosi fulani, karibu na Saint-Valentin. Ni kinywa chao kilitaja kumi na mbili. Sisi tungekubali chini ya pale, tunajua vita ilitukuta sisi bote.

Juma ile ile mujukuu akaniambia: "Koko, kuko komande ya mbuzi."

"Umeanza kuchinja?"

"Mbuzi ya gato. Kumi na mbili. Juu ya fête ya batu."

Mutaniuliza: koko, hesabu ile haikukuambia kitu? Haikuniambia. Ni nani mwenye akili timamu angefikiri jambo kama lile?

Alitengeneza ya kwanza, nikaitazama. Nikamuambia: "Hii ni imbwa." Akasema ni mbuzi. Nikasema: "Masikio yake inasimama kama ya imbwa mwenye kusikia mwizi. Mbuzi masikio yake inalala kando. Toka pale." Nikanawa mikono, nikakaa. Ule unga wa sukari wenye kufinyanga, nikafinyanga masikio ishirini na ine, moja moja, na ndevu kwa madume. Ya moja nilipasua sikio na ncha ya kisu, juu mbuzi wa kwanza mwenye baba yangu alipokea siku nilipotolewa mahari alikuwa na sikio la kupasuka, seng'enge ilimupasua. Mujukuu alinitazama nikifanya vile. Mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka siku ile, batoto, na kuimba niliimba.

Jumamosi ikafika. Tuliazima biti kwa majirani, kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa mu bidon tangu juzi yake. Mimi nilikaa karibu na mulango wa parcelle, kiwanja chetu, sikio kwa barabara. Mbuzi zikikuja unazijua mbele ya kuziona. Zinalia, batoto ba barabara banazifuata, mutu anapiga kelele "shika kamba, shika kamba!" Nilisikia pikipiki tu. Zikazima. Bageni bakaingia na mavazi yao mazuri, na mbele yao shangazi wa kijana, mama mumoja munene, kitenge kipya, karto mikononi yenye kufungwa na ribani nyekundu.

Baba mudogo akabakaribisha, bikombe bikamwagiwa. Shangazi akasimama.

"Bakwe zetu," akasema, "kinywa chetu kiliahidi mbuzi kumi na mbili. Leo muhesabu!"

Akavuta ribani. Bijana bakapiga makofi, telefone zikainuka zote pamoja. "Modeli mupya!" "Koko, sogea, unazuia foto!" Mimi nikasogea, lakini mbele. Nikaona ile ya sikio la kupasuka.

Batoto, nilisimama pale kama mutu amepigwa na mulango. Kisha nikauliza: "Na zingine ziko wapi?"

"Zingine gani, mama?" shangazi akasema.

"Zenye kulia."

Batu bakacheka. Na yeye akacheka, akanishika bega kama vile anashika mugonjwa. "Mama, hii ni symbole, alama tu. Siku hizi mbuzi inasumbua, inanuka mbele ya bageni, inachafua nguo ya bibi arusi. Zile zenyewe zitakuja kidogo kidogo."

"Zitakuja na miguu ya nani?"

Kijana mumoja wa kwao akaita kutoka nyuma: "Koko, hizi ni muzuri kwa meno yako, hazina mifupa!"

"Na wewe hauna haya," nikamuambia. "Mama yako alikujiwa na gato?"

Baba mudogo akanivuta kitenge. "Mama, keti. Kasiksi imekwisha kumwagwa mu bikombe."

"Irudishe mu bidon."

Muko tayari kusema: ule koko anapenda nyama tu. Ngojeni. Niliwahi kuwa na mudogo wangu, tulizaliwa tumbo moja. Aliishi na mwanaume miaka na miaka bila mbuzi hata moja. Zitakuja, zitakuja. Akazaa batoto saba. Kila bakigombana, mama mukwe alimuambia: "Wewe tulikuokota tu, ni kamba gani ilikufunga hapa?" Na alipokufa, sisi hatukukubali azikwe kama muke wao, na bao habakuwa na kitu cha kutoa. Maiti ikalala mu nyumba siku mbili. Inje banaume banabishana juu ya mbuzi, ndani mimi nimekaa kando yake, nafukuza nzi na kipande cha kitambaa. Nzi, batoto. Mimi "kidogo kidogo" ninaijua, ninajua na harufu yake.

Nikaingia jikoni. Mujukuu alikuwa pale na nguo yake ya sherehe, anapanguza mikono yenye haikuwa na uchafu wowote.

"Ulijua?"

"Nilijua, koko."

"Sukari ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Bijiti?"

"Byangu."

"Mugomba niliomba mimi mwenyewe kwa jirani. Donc umejitolea mahari wewe mwenyewe, na mimi nikakusaidia masikio."

Mama yake akaanza kulia kwenye mulango. Nikamuambia anyamaze, mutu wa kulia siku ile hakuwa yeye.

Mujukuu akanieleza yote. Kwa kijana kulikuwa mbuzi moja, moja tu, yenye ilibaki. Iko Vuhovi kwa ndugu yao. Kijana alitaka kuileta ile moja, apige magoti, aombe siku za kutafuta zingine. Shangazi alikataa. Alisema mbuzi moja mu parcelle ya batu ni haya, majirani batacheka. Kumi na mbili za gato hakuna mutu atacheka, batasema ni modeli, na foto itakuwa muzuri. Akamuomba mujukuu azitengeneze, akamuomba asiniambie.

Hapo ndipo hasira yenyewe ilinishika. Mbele ya pale ilikuwa kelele tu. Kulikuwa mbuzi! Ilikuwa hai, inakula majani Vuhovi, na batu balikaa bakaona afazali karto. Baliogopa kuchekwa na majirani, habakuogopa kunidanganya mimi.

"Nenda uniitie ule bwana yako," nikasema.

Kijana akaingia, kofia mukononi.

"Wewe ni fundi wa mbao. Mutu akikuagiza kitanda, unamupelekea foto ya kitanda?"

"Hapana, koko."

"Mbuzi ya Vuhovi iko na afya?"

"Iko, koko. Ni jike. Iko na mimba."

"Iko na mimba! Na ulinyamaza?"

"Shangazi alisema..."

"Ni shangazi mwenye anaoa?"

Sikuona ubaya mu uso wake. Niliona uoga, na mimi uoga wa mwanaume unaniuzi kuliko ubaya wake.

Mujukuu akanishika mukono. "Koko, nakuomba. Ukibarudisha leo, habatarudi. Shangazi yake atasema sisi ni batu ba makelele, atamutafutia mwingine. Unipatie tu kwake. Mimi sina shida na mbuzi."

Sina shida na mbuzi. Mutoto mwenye kuamka kila asubuhi, kusaga, kufinyanga, kulisha nyumba nzima na bijiti bya brosheti, anaona yeye ni mutu wa kupewa bure. Nani alimufundisha vile? Nilitafuta mutu wa kukasirikia, nikamupata shangazi, nikamupata kijana, kisha nikajipata na mimi mwenyewe. Mara ngapi nilimuambia mujukuu, wakati anakataa bachumba: utazeeka na hizo gato zako, chukua tu mwenye kuja. Ni mimi nilisema. Alinisikia vizuri.

Sikumuambia pole. Nilitoka inje.

Nikabeba karto ile, nikaita batoto ba majirani benye balikuwa banachungulia kwenye uzio, nikagawa. Kila mutoto mbuzi yake, na kijiti chake. Shangazi akapiga yowe: "Mama, bado hatujapiga foto na wazee!" Mutoto mumoja alikuwa amekwisha kung'oa kichwa. Kijana alisimama nyuma yangu, mujukuu nyuma yake, bote banangoja kinywa changu, na bageni nao, bikombe mikononi.

Nikasema kwa batu ba nyumba yangu, kwa sauti ya kusikiwa na bote:

"Ninyi ba hapa, munisikilize. Bageni bapewe chakula, bakule bashibe, na barudi kwao bila muke. Baba mudogo, usishike mukono wa mutu yeyote leo kama vile jambo limekwisha. Wewe mama ya binti, usimufungie mutoto hata kitenge kimoja mu valizi. Na wewe, mujukuu wangu, usiwashe makala kwa ajili ya huyu kijana, usimupikie hata chai, mpaka siku atatoka Vuhovi kwa miguu yake, kamba mukononi mwake, na mbuzi inalia nyuma yake mpaka Kimemi yote isikie. Moja inatosha. Akikuja na ile moja, mutu asimuulize juu ya zingine. Akikuja na shangazi na karto, mulango ubaki umefungwa. Bakimaliza kula, muondoe biti."