Siku Nilipowatembeza Wageni Shambani kwa Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anaishi kwenye kijiji cha wakulima chini ya milima ya Magaliesberg, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Malvern, mtaa wa Johannesburg ninakoshona nguo. Mara ya kwanza nilipopelekwa kwake, miaka mingi iliyopita, alinionyesha sufuria akasema, "Morogo." Nikafurahi sana. Nikamjibu kwamba naam, Morogoro ndiko nilikozaliwa, na ndiko mdogo wake alikonioa alipokuwa mkimbizi wa ubaguzi wa rangi. Kumbe kwa Kitswana, lugha yao, morogo ni mboga za majani. Alicheka mpaka akakaa chini. Namwita Ausi, kama wenyeji wa kule wanavyowaita dada zao, naye ananiita makoti, yaani bi harusi, ingawa nina wajukuu.

Siku hizi watu wa Johannesburg huenda kule Jumamosi kupanda kilima, kutazama mashamba na kula chakula cha nyumbani. Mwalimu mmoja mstaafu anayefuga nyuki ndiye huwatembeza na kuwasimulia historia. Jumamosi moja ya mwezi Machi tulikwenda na mume wangu ili nisaidie kupika, tukamkuta mwalimu amekaukiwa sauti kabisa kwa mafua. Basi dogo la wageni lilikuwa tayari linakata kona kuingia.

"Makoti, utasema wewe," Ausi akaniambia.

"Mimi? Mtu wa kuja?"

"Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia maboga tu. Wewe sema, nitakuwa nyuma yako."

Mwalimu akanipa daftari lake, lenye mwandiko kama nyayo za kuku. Nikaanza. Nikawaonyesha mfereji, nikasema maji yake yanatoka bwawani.

"Nnyaa!" Ausi akapaza sauti kutoka nyuma. Hapana! Yanatoka kwenye chemchemi chini ya miamba, na mfereji ulichimbwa na babu zake kwa majembe ya mkono. Nikasema mahindi yalipandwa Oktoba. "Nnyaa!" Mvua zilichelewa, yalipandwa Novemba. Nikageuza maharage kuwa njugu. "Nnyaa!" Kufikia hapo wageni walikuwa wanacheka wazi, na mimi kila nikimaliza sentensi nageuza shingo kusubiri hukumu.

Nyuma ya shamba la maboga tukafika penye mawe yaliyopangwa mstari katikati ya nyasi, misingi ya nyumba za zamani. Nikaeleza kwamba watu wa hapa walihamishwa kwa nguvu ili ardhi wapewe wakulima wazungu, na kwamba walirudishiwa baada ya miaka mingi sana. Nikangoja "Nnyaa!" yake. Nilipogeuka, Ausi alikuwa amesimama ndani ya mawe yale, akaanza kusema polepole, nami nikatafsiri.

"Hapa palikuwa na mlango. Pale mama alikuwa anasukia mikeka. Siku lori lilipokuja nilikuwa na miaka tisa. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilidhani tunakwenda kutembea."

Mume wangu alikuwa amebeba chupa za maji za wageni. Yeye alizaliwa baada ya kuhamishwa, mbali na hapa. Akaziweka chini.

"Ausi, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kila ukija unakimbilia mezani. Hujawahi kusimama hapa."

Ausi akamshika mdogo wake mkono, akamwingiza palipokuwa mlango, wakasimama pamoja. Kisha Ausi akapiga makofi mawili: twendeni, ugali unapoa.

Wageni walikula wakaomba tena. Mzee mmoja alikataa kusaidiwa, akalikumbatia boga alilonunua kama mtoto mpaka kwenye basi. Mwalimu, asiyeweza hata kunong'ona, akaniandikia kwenye kikaratasi: "Umekosea mara saba." Ausi akakichungulia juu ya bega langu, akasema, "Nane."

Mwalimu alipopata sauti yake hakuitaka tena kazi ile. Amebaki na nyuki wake. Sasa Jumamosi mbili kila mwezi nafunga cherehani, Ausi anasimulia kwa Kitswana, mimi natafsiri. Mume wangu amefyeka nyasi kuzunguka mawe, akapanda miche miwili ya mapichi, na tukiwapo hamruhusu mtu mwingine kuimwagilia maji.