Ua wa Lambo

Juzi, kwenye ranchi yetu nyuma ya Ukunda, nilimkuta binti yangu akilia kando ya ua wa lambo. Alidhani nawanyima ng'ombe maji. Nilijiona mwenyewe nilipokuwa mtoto kama yeye.

Alasiri moja ya utoto wangu, baba alikuwa ametoka kulizungushia lambo jipya ua wa miiba. Ng'ombe walisimama nje wakilia, wakinusa maji, nami nikaamini baba ana roho mbaya. Sikujua kwamba baada ya swala angewajazia maji hori la kunywea lililo nje ya ua. Alipokwenda kuswali nikaivuta miiba. Ng'ombe waliingia mbio, wakaukanyaga ukingo wa udongo hadi ukabomoka, na maji ya kumwagilia majani yao ya kiangazi yakaanza kukimbilia kichakani. Kila mahali palinuka tope na samadi.

Baba hakunipiga. Tuliziba kwa magunia ya mchanga mpaka magharibi.

"Uliwaonea huruma?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi kuanzia kesho, mlinzi wa ua ni wewe."

Sasa majumba ya mji yametufikia mlangoni, lakini lambo lina maji na majani ni mabichi. Nilimfuta binti yangu machozi, nikamkabidhi ufunguo wa lango la ua, tukaenda kujaza hori.