Dirisha la Kutazamia Uluguru

Jamani, mimi ni msanifu majengo, na kwenye kila kikao cha saiti nahubiri jambo moja: hakuna mabadiliko bila agizo la maandishi lenye sahihi yangu. Mkataba ndivyo unavyosema.

Mwezi uliopita nilikuwa Mlali, kwenye zahanati ya masista inayojengwa. Mafundi walikwenda kula, nikabaki peke yangu katika chumba cha nyuma. Kupitia mlangoni niliona ukungu ukiteremka Uluguru taratibu, milima kama inapumua usingizini. Nikasikitika kwamba ukuta umeificha sehemu kubwa. Nikaokota chaki, nikachora dirisha pana ukutani, na ndani yake vilele na mawingu. Hata njaa nikaisahau. Nilipomaliza nikaweka sahihi, maana mkono wangu umezoea kusaini kila mchoro, nikaondoka napiga mluzi.

Jana nilikwenda kukagua jengo na Sista Agata, mwenye mradi. Katika chumba kile dirisha la kweli lipo, pana vilevile nilivyolichora. Nje, wakulima waliobeba kabichi wamesimama wanachungulia ndani.

"Msanifu," Sista akauliza polepole, "hiki si chumba cha kujifungulia?"

Nikamgeukia mkandarasi, Bwana Mkude, kwa ukali. "Nani kakuruhusu? Agizo la maandishi liko wapi?"

Mkude alikwenda stoo, akarudi amekumbatia kipande cha ukuta, akakiweka chini mbele ya Sista. Wingu langu moja lilikuwepo, na chini yake sahihi yangu, na mikia yake yote.