Ngendo Aenda Kuitazama Hisa

Tangu amuuze ng'ombe wake wa mwisho, Ngendo aliamka alfajiri bila sababu. Magoti yalikuwa yamekataa kukata majani. Fedha za ng'ombe yule zilikuwa benki, na ndizo zilizokuwa uzee wake wote. Kisha Ndegwa, mtoto wa dada yake, akaja kwake kijijini Kiuu na wazo.

"Tata," alisema, akimwita mama yake mdogo kwa Kikikuyu kama alivyozoea, "pesa ikilala benki inazeeka. Nunua hisa. Kuna kampuni ya unga hapo Thika, iko poa kabisa."

Ngendo alimtazama kama anayetazama maziwa yaliyotiwa maji. Neno hisa alilijua. Zamani mama yake alichangia hisa katika kampuni ya kununua mashamba, akaambiwa angoje kuitwa aonyeshwe kipande chake. Kura ya kugawa vipande ilipopigwa, ilipigwa kwa jina la jamaa aliyekuwa akiwawakilisha wanawake wa kijiji, na baada ya hapo jamaa huyo hakumjua mtu. Mama alizikwa akingoja.

Kwa hiyo Ngendo alivaa viatu vya kanisa akaenda Thika kujionea. Kwake hisa ilikuwa kipande, na kipande huonekana: kina kigingi, kina mpaka, kina jirani mbaya.

"Mama, kazi hakuna," alisema Muoki, bawabu wa kiwanda.

"Sitafuti kazi. Nataka kuona kipande wanachotaka kuniuzia."

"Kipande cha nini?"

"Cha kampuni."

Muoki alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Basi chukua hili geti, mama. Hata halifungi vizuri. Utanisaidia kusukuma!"

Ngendo hakucheka. Aliketi kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akatazama matairi ya malori. Alikuwa amenunua chakula cha ng'ombe maisha yake yote, akajua kwamba muuzaji hudanganya lakini tairi haliwezi. Malori yaliingia matupu yakatoka yamelemewa, matairi yamebonyea. Basi biashara ilikuwa ya kweli, na jambo hilo lilimsumbua kuliko kama angekuta geti lina kufuli.

Jioni Ndegwa alishika kichwa. "Tata, ulienda getini? Hii si ploti ya shamba kule Murera uonyeshwe kona! Unakuwa na sehemu kidogo ya biashara yote. Wakipata faida, wanaweza kukupa gawio. Mambo yakiharibika, bei ya hisa inashuka, na wewe unashuka nayo."

"Kumbe naweza kupoteza."

"Unaweza. Ndiyo maana hauweki pesa ya chakula, na hauweki yote kwa kampuni moja."

Hakuna aliyewahi kumuuzia Ngendo kitu akamtajia ubaya wake. Alianza kulegea. Alimwongezea chai.

"Na siku nikitaka kuuza?"

"Unaniambia tu. Nauza kwa simu yangu."

"Kwa nini yako?"

"Si akaunti ya hisa ni yangu? Kufungua ingine ni stress. Zitakaa kwa jina langu, tata. Sisi tunajuana."

Ngendo aliiweka chupa ya chai chini. Yule jamaa wa kura naye alikuwa akijuana na watu.

"Kesho utanipeleka kwa wakala wa hisa mwenye leseni. Nitabeba kitambulisho changu."

"Hauniamini?"

"Nilikubeba mgongoni, Ndegwa. Kesho asubuhi."

"Kesho niko bize."

"Kesho kutwa?"

"Tutaongea." Aliondoka akiacha andazi zima kwenye sahani, yeye ambaye tangu utotoni hakuwahi kubakiza.

Ngendo alienda peke yake. Alifungua akaunti kwa jina lake, akanunua hisa kwa kiasi cha mguu mmoja wa ng'ombe. Mwili uliobaki akauacha benki. Bei hupanda na kushuka, naye huitazama kwa jicho lile lile la kukagua maziwa. Akipita Thika, hutazama matairi.

Ndegwa hajapiga simu. Mara nyingine humjia wazo kwamba huenda kijana alitaka tu kumwondolea usumbufu. Hapo humtolea kikombe, kisha hukirudisha kabatini kabla chai haijachemka.