Pepo Aliyehama kwa Dada

Nilijifanya nina pepo. Niseme hiyo kwanza, juu hakuna mutu alinituma.

Dada yangu mukubwa alikuwa na miaka ishirini. Tangu tulipokimbia vita kule Vuhovi na kuja kuishi Bulengera, hakulala vizuri, hakucheka, na rozari alikuwa anaishika tu bila kuisali. Alikonda sana. Mama akaita kikundi cha maombi. Muzee wao akamuwekea mikono kichwani, akatangaza: "Ni pepo ya woga. Afunge siku tatu, bila chakula, bila maji."

Siku tatu! Yeye ambaye tonge moja ya bugali ilikuwa inamushinda.

Basi nikajiangusha katikati yao, nikatoa sauti nene kama ya soda, yule askari wa barrage anayefunga barabara: "Nimetoka kwa huyu binti! Niko kwa ndugu yake, huku kuna nafasi mingi!"

Bamama wakamuacha dada, wakanimwangia maji ya baraka. Yakaniingia puani, nikapiga chafya tatu.

"Inatoka!" muzee akapaaza sauti.

Hapo nikasikia dada anacheka. Alifunika mdomo na mkono, lakini alikuwa anacheka kweli.

Walipoenda, mama akanikamata sikio. Alishajua yote. Akaweka bugali na sombe mbele ya dada, akangojea mpaka dada akameza tonge ya kwanza. Kisha akanigeukia:

"Huyu atakula, na kesho nitamupeleka kwa masista wa dispansari. Kuomba, tutaomba tu. Wewe mwenye pepo, zile siku tatu ni zako."